Kijiwe Hakijawahi Kushika Jiwe

Kwa miaka minne nilikuwa bingwa wa kukanusha. Jioni, kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Morogoro, habari za Simba na Yanga zikishaisha na siasa haijaanza, ilifika zamu yangu. Nilikuwa na hoja tatu na nilizipanga kama kete za drafti. Bendera ilipepeaje mahali pasipo na upepo? Nyota ziko wapi kwenye picha? Na kama walikwenda kweli mwezini, mbona hawarudi? Watu walicheka, muuza kahawa aliniongezea kikombe, na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, wakati huo yuko kidato cha pili, alinitazama kama mtu aliyeona ukuta ukifunguka.

Naandika haya kulipa deni lake. Na naandika nikiwa na hasira. Sina ugomvi na wazee wa kijiwe, ambao wana haki ya kupiga soga baada ya kutwa nzima juani. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma, tunaoshika simu zenye maktaba nzima ndani yake, halafu tunachagua kuwa wavivu na kuuita uvivu wetu ujasiri.

Nianze kwa kuupa upande wa pili haki yake. Tuna sababu za kushuku. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na Ukami, huku huku kwetu, akikusanya alama za machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na karatasi zile zikageuka hati za kumiliki nchi. Mjukuu wa watu waliotendewa hivyo akisikia taifa kubwa linajisifu, ana haki ya kuinua nyusi. Lakini jiulize: tulijuaje kwamba ule ulikuwa ulaghai? Tulijua kwa sababu kuna watu waliokaa wakazisoma karatasi zenyewe, wakalinganisha tarehe, lugha na alama. Shaka yao ilifanya kazi. Yangu ilikaa kwenye benchi ikinywa kahawa.

Hoja zangu tatu zinajibiwa kwa pumzi moja. Bendera ilikuwa na fimbo ya kulala juu yake ili isining'inie. Kamera iliyotegwa kupiga ardhi inayong'aa kwa jua haiwezi kukamata nyota hafifu, jaribu na simu yako usiku chini ya taa ya uwanjani. Na walirudi: walitua mara sita kati ya 1969 na 1972, kisha fedha na hamu ya wanasiasa vikaisha. Lakini sitaki kukaa kwenye picha. Picha ndizo uwanja tuliouchagua sisi wakanushaji kwa sababu kila mtu ana macho na kila mtu anaweza kubisha. Nataka tuzungumzie kitu ambacho katika miaka yangu minne sikusikia mtu hata mmoja akikitaja. Walirudi na mawe. Kilo 382 za mawe na vumbi.

Kijiwe kizima, na jina lake hilo, hakijawahi kuuliza habari za jiwe.

Mimi mwenyewe sikuuliza mpaka nilipofika chuo, mwaka wa pili, somo la miamba. Tulipewa kipande cha mwamba kutoka milima ya Uluguru, milima niliyoamka nikiitazama maisha yangu yote. Jina lake anothositi, mwamba mweupe wa kijivu ambao karibu wote ni madini ya aina moja, feldspa. Tulikikata na kukisugua hadi kikabaki na unene wa milimita 0.03, mwanga ukapita kama kwenye dirisha, tukakiweka chini ya hadubini. Kilikuwa kimechafuka vizuri sana. Kingo za feldspa zimekuwa na ukungu, zimeanza kugeuka udongo wa mfinyanzi. Kulikuwa na madini ya kijani yaliyobeba maji ndani ya umbo lao. Kulikuwa na mistari ya kutu kwenye nyufa. Mhadhiri akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya, kwamba weupe wote wa mwezi ni mwamba wa jamii hii hii. Akafungua kitabu, akatuonyesha picha ya kipande kama chetu chini ya hadubini kama yetu.

Sijasahau kile nilichokiona. Ilikuwa feldspa ile ile, lakini safi kama maji ya chemchemi. Hakuna ukungu, hakuna udongo wa mfinyanzi, hakuna kutu. Chetu ni mtoto mdogo kikilinganishwa na kile, ambacho kina zaidi ya miaka bilioni 4. Mzee alikuwa msafi, mtoto ndiye aliyechakaa. Nikauliza kwa nini. Jibu lilikuwa neno moja: maji.

Hapa ndipo niliposhikwa, kwa hiyo vumilia kidogo.

Mwezi ukiutazama kwa macho matupu una rangi mbili. Kuna sehemu nyeupe, ndizo nyanda za juu, na kuna madoa meusi ambayo kila bibi ana hadithi yake. Nyeupe ni anothositi, pamoja na vifusi vya miamba iliyopondwa na kuunganishwa tena na mapigo ya vimondo. Madoa ni basalti, lava iliyomwagika ikajaza mabonde, jamii moja na basalti iliyomwagika pande za Rungwe. Wanajiolojia hawakulijua hili kwa kutazama picha. Katika vumbi lililoletwa na Apollo 11 kulikuwa na punje chache nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 1970 watafiti wakazichambua na kutoa dai zito: kwamba mwezi mchanga ulifunikwa na bahari ya miamba iliyoyeyuka, na feldspa, kwa kuwa ni nyepesi, ikaelea juu kama malai ya maziwa na kuganda ikawa gamba jeupe. Dai lote hilo lilitokana na punje. Mwaka uliofuata, Apollo 15 ikarudi na jiwe zima la anothositi, gramu 269, lenye namba 15415. Mtu anayetunga uongo huwa hajiwekei mtihani wa namna hiyo mbele ya watu.

Safari hiyo hiyo, tarehe 31 Julai 1971, David Scott alisimamisha gari lao la mwezini na kuwaambia wa Houston kwamba anafunga mkanda. Mkanda haukuwa na tatizo. Alikuwa ameona jiwe jeusi lenye matundu, na alijua akiomba ruhusa atanyimwa kwa kuwa muda umekwisha. Mwenzake, James Irwin, akaendelea kuwasimulia habari za mandhari ili wasishtuke. Scott akashuka, akaliokota, akapanda. Huo ni uongo mmoja wa safari za mwezini ambao nauamini kabisa. Jiwe hilo leo ni namba 15016, karibu kilo moja, na lina miaka bilioni 3.3. Matundu yake ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Sasa chukua basalti ya kale ya hapa duniani yenye matundu kama hayo, ivunje. Mara nyingi utakuta matundu yamejaa madini meupe, kwa sababu maji yalipita humo miaka nenda rudi yakiacha chumvi zake. Ya 15016 ni matupu. Miaka bilioni 3.3, na hakuna aliyepita humo hata na tone.

Nenda kwenye chuma. Mawe ya mwezini yana chembe za chuma halisi, chuma cha metali, kisicho na kutu. Hapa kwetu jembe likilala nje masika moja unajua kinachotokea.

Lakini ushahidi ulioniua kabisa haukuwa ndani ya jiwe. Ulikuwa juu ya ngozi yake.

Uso wa jiwe lililolala wazi mwezini umejaa vishimo vidogo, vingine havionekani bila hadubini, vingine vinafika milimita kadhaa. Kila kishimo kina bitana ya kioo ndani, na kukizunguka kuna mduara mweupe wa mwamba uliopasuka. Ni alama za vumbi la anga. Punje ndogo inakuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 10 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya mwendo wa risasi ya bunduki, inagonga, na joto la pigo linayeyusha mwamba pale pale kuwa kioo. Duniani punje hizo haziwezi kufika chini na mwendo wao. Angahewa inaziunguza au kuzipunguza kasi mpaka zinatua polepole kama majivu. Ndiyo maana hakuna jiwe la Uluguru, wala la Mwanza, wala la popote pale kwenye sayari hii lenye ngozi ya namna hiyo.

Kuna jingine. Mawe mengi yana vishimo upande mmoja tu, upande wa pili hauna. Ule usio navyo ndio ulikuwa umezama kwenye vumbi. Kwa hiyo jiwe linakuambia lilikuwa limekaaje, kichwa wapi na kiti wapi. Mengine yana vishimo pande zote kwa sababu yaligeuzwa na mapigo ya jirani. Na chini ya ngozi kuna saa. Mionzi ya anga za mbali ikipiga atomu za jiwe inazibadilisha, na mabadiliko hayo yanapungua kadiri unavyoingia ndani. Ukiyapima unajua jiwe limekaa wazi kwa muda gani. Mawe yaliyorushwa na pigo lililochimba kreta ya Cone, alikofika Apollo 14, yamekuwa nje kwa takriban miaka milioni 25. Ya kreta ya South Ray, upande wa Apollo 16, takriban milioni 2. Hakuna tanuri wala maabara ya mwaka 1969 iliyoweza kutengeneza jiwe la kilo nzima lenye vishimo vya mapigo hayo upande mmoja, ndani yake miaka milioni kadhaa ya mionzi iliyopangika kwa kina, na bado likose hata alama ya maji.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nilikuwa nalo. "Labda waliokota vimondo." Nililitumia sana kuelekea mwisho wa enzi yangu. Kimondo kinapita angahewa kikiwaka, kinavaa ganda la kuungua, na ile ngozi yenye vishimo inateketea. Kikitua, maji na oksijeni vinaanza kukila; nenda kakitazame Kimondo cha Mbozi, ambacho ni chuma, uone kutu yake. Zaidi ya hayo, kimondo cha kwanza kutambuliwa kuwa kimetoka mwezini kilipatikana Antaktika mwaka 1982, miaka kumi baada ya safari ya mwisho, na kilitambuliwa kwa sababu tayari kulikuwa na mawe ya Apollo ya kukilinganisha nayo. Huwezi kuiba nakala kabla ya kuujua mwandiko.

"Na lile jiwe la Uholanzi?" Hili ndilo pendwa. Ni kweli: mwaka 2009 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, liligundua kwamba jiwe lililokuwa likihifadhiwa kama la mwezini lilikuwa mti uliogeuka jiwe. Wakanushaji wote tulishangilia. Lakini fikiria ulivyogunduliwa uongo wenyewe. Jiwe lile halikuwa limepita kwenye maabara. Lilikuwa zawadi kwa waziri mkuu mstaafu, likarithiwa, likawekwa. Wanajiolojia walipolishika tu, likaumbuka. Hivyo ndivyo jiwe la uongo linavyoishi: mpaka siku atakapolishika mtu anayejua. Mawe ya Apollo yameshikwa na mamia ya watu wanaojua, wa Uingereza, Ujerumani, Japani, Australia na kwingineko, kwa zaidi ya miaka 50, kila mmoja akiwa na hamu ya kuwa wa kwanza kukuta kosa.

Wasovieti nao walikuwa na sababu kuliko wote ya kulikuta. Vyombo vyao visivyo na watu, Luna 16, 20 na 24, vilirudi na udongo wao wenyewe mwaka 1970, 1972 na 1976, jumla gramu mia tatu na kitu. Mwaka 1971, katikati ya Vita Baridi, mahasimu hao wawili walibadilishana gramu chache. Udongo ulikuwa wa ukoo mmoja. Wachina nao wakaenda: Chang'e 5 mwaka 2020, kilo 1.7, Chang'e 6 mwaka 2024, kutoka upande wa mwezi tusiouona kamwe. Wamekuta basalti changa kuliko za Apollo, yenye miaka bilioni 2, na wakabadilisha hesabu za watu. Hawakukuta sababu ya kumwita Mmarekani mwongo, ingawa wangeifurahia.

Sasa nigeuke upande wangu mpya, maana nako kuna wavivu. Kuna msomi ambaye ukimuuliza anajuaje, anajibu, "NASA wamesema." Huyo ni mwenzangu wa kijiweni, amebadilisha benchi tu. Jambo ninalolipenda kuhusu mawe haya ni kwamba yaliwaumbua hata walinzi wake. Kwa karibu miaka 40 wanajiolojia walifundisha kwamba mwezi ni mkavu kabisa, wa ndani na wa nje. Halafu mwaka 2008 watafiti wakachukua punje za kioo cha volkeno, zikiwemo zile za rangi ya chungwa zilizoletwa na Apollo 17, wakazipima kwa chombo kikali zaidi, wakakuta maji ndani yake. Kidogo mno, sehemu chache katika milioni, yasiyoweza kujaza tundu wala kuotesha kutu, lakini yapo. Vitabu vikaandikwa upya. Aliyewashinda wataalamu hakuwa mpiga soga. Alikuwa mtu mwenye shaka aliyerudi kwenye jiwe lile lile na kulitazama tena. Hiyo ndiyo shaka ninayoitetea.

Utasema, haya ni mambo ya mwezi, yanamdhuru nani? Nilidhani hivyo pia.

Mwaka ambao kipindupindu kiliingia mtaani kwetu, wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakigawa vidonge vya kutibu maji. Wahudumu wenyewe ni kina dada wa mtaa wa pili, tunawajua kwa majina. Mdogo wangu, yule wa kidato cha pili, sasa amemaliza la nne na ndiye msomi wa nyumba, alivitupa. Alimwambia mama yake, "Hawa mabwana zao ndio waliotudanganya mwezini." Mama mdogo ni mtu wa kuheshimu elimu. Akamsikiliza mwanawe. Kitinda mimba wake alilazwa siku nne. Alipona, Mungu ashukuriwe. Nilipokwenda kumwona wodini, mama mdogo akaniambia, bila lawama hata kidogo, "Mdogo wako anasema wewe ndiye uliyemfungua macho."

Sina cha kuongeza hapo. Nasema tu kwamba shaka ya bure haikai inapowekwa. Inashuka kutoka mwezini hadi kwenye ndoo ya maji, kwa sababu haijifunzi kutofautisha: kwake Carl Peters na dada wa mtaa wa pili ni kitu kimoja.

Na kwa wale wenye jibu la mwisho, "yatuhusu nini," nawajibu kwamba mawe ya mwezi hayakuwaomba ruhusa. Yanaanguka huku pia. Jangwa la Dhofar, Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, limetoa vimondo vingi vya mwezini. Botswana, Kalahari, mwaka 1999, kilipatikana kimoja cha zaidi ya kilo 13. Jangwa la Sahara limetoa vingine vingi, na sehemu kubwa huishia kwa wanunuzi na maabara za mbali, kwa sababu walio wengi wetu wakikutana na jiwe jeusi la ajabu hawajui kuliuliza swali.

Juzi nilirudi kijiweni. Sikuhutubia. Niliweka mezani, karibu na sahani ya kashata, kipande cha anothositi ya Uluguru na lenzi ya kukuzia, na kwenye simu picha ya 15415. Wazee wakatania kwamba msomi sasa anakula mawe. Mdogo wangu alikuwapo. Hatujazungumza sana tangu ile wodi. Akachukua jiwe, akalitazama kwa lenzi, muda mrefu, akageuza simu, akarudi kwenye jiwe.

"Kaka, hili letu mbona lina kutu?"

Nikamwambia atazame tena, kwenye nyufa, aniambie kutu imeingilia wapi.